Thruputi ni nini hasa? Watu wa bandari wana yao, watu wa mtandao wana yao

KaraniShimanzi

Wana jukwaa, salaam aleikum. Mimi ni karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha huku Shimanzi, Mombasa, kazi yetu ni kutolea watu makontena.

Wiki hii neno thruputi nimelisikia kwa watu wa aina mbili na nimebaki na maana mbili kichwani. Jumatatu tulikuwa kikao na watu wa usafirishaji. Mmoja akasimama akasema thruputi ya bandari yetu mwaka 2024 ilifika TEU milioni 2 (TEU ndicho kipimo chao cha makontena), na wote mezani wakatikisa vichwa, hakuna aliyeuliza. Alhamisi akaja fundi wa kampuni inayotuuzia intaneti. Sisi twalipia megabiti 50 kwa sekunde. Kila jioni lazima nitume nyaraka zilizopigwa skani kwa mshirika wetu Ulaya, faili moja lenye uzito wa kama megabaiti 800, na linachukua nusu saa nzima. Wenzangu washapanda matatu, mimi bado natazama ule mstari wa kijani ukitambaa. Fundi akatoa simu, akapima, akasema "thruputi yenu iko sawa, 48 hiyo," akafunga begi akaenda zake.

Sasa wajuzi nisaidieni. Thruputi ni kasi? Ni ukubwa? Ni jumla ya mwaka? Na kama kweli ni 48, nusu saa yangu inaliwa na nani?

MwanachuoTudor

Kaka, vitabuni ni mstari mmoja: thruputi ni kiasi cha kazi ambacho mfumo unamaliza kwa kipimo cha muda. Kontena kwa mwaka, biti kwa sekunde, miamala kwa sekunde, abiria kwa saa. Namba isiyo na "kwa" mbele yake bado si thruputi. Huyo wa kikaoni alimeza neno "kwa mwaka" tu, hakukosea.

MlengoWaKisauni

Si mseme tu kasi yaishe? Watu wa kompyuta mnapenda kuvalisha kitu kidogo kanzu kubwa.

DadaFaiba

@MlengoWaKisauni hapana kaka, kasi ni jambo jingine na hapo ndipo ofisi nyingi zinapotupa pesa. Wewe wa Kisauni, lakini Likoni naamini umevuka.

Tuseme feri inabeba watu 1,200. Mzunguko wake wote, kupakia, kuvuka, kushusha, kupakia upande wa pili na kurudi, ni nusu saa. (Namba za mfano hizi, msije mkanipeleka kwa watu wa feri.) Kwa saa moja inatoka kisiwani mara 2, basi thruputi ya kwenda Likoni ni watu 2,400 kwa saa. Safari yenyewe ya majini ni mita 500 hivi, dakika chache. Sasa ifungie injini ya kuvuka kwa nusu ya muda huo. Umeokoa dakika ngapi kwenye mzunguko wa nusu saa? Tatu, nne. Muda mwingi unaliwa na watu kupanda na kushuka, mikokoteni, magari kujipanga. Kasi imeongezeka maradufu na thruputi imesogea kidogo tu.

Kinyume chake, leta feri ya pili iliyo sawa na ya kwanza. Thruputi imekuwa 4,800. Lakini wewe uliyemo ndani, dakika zako za majini ni zilezile. Hakuna kilichoenda kwa kasi zaidi.

Kwa hiyo maswali ni mawili na yanajibiwa na namba mbili. Mimi mmoja nitachukua muda gani kufika? Huo ni muda wa safari. Wangapi wanafika kila saa? Hiyo ndiyo thruputi.

MlengoWaKisauni

Haya, hapo nimekupata. Lakini ukileta feri ya kumi?

DadaFaiba

Hapo utagombana na gati. Feri zitasubiriana majini kwa sababu pa kuteremshia ni palepale. Thruputi ya mfumo wote haiwezi kuzidi ile ya mahali panapobana kuliko kwingine.

KreniKipevu

Nimefanya kazi ya mipango ya gati miaka mingi, wacha nieleze hiyo milioni 2 maana hata waandishi wa habari huibeba vibaya.

Takwimu ni kweli. Mwaka 2023 Bandari ya Mombasa ilipitisha TEU milioni 1.62, na 2024 ikavuka milioni 2. Shehena yote kwa tani, ukijumlisha mafuta, ngano, klinka na vinginevyo, ilitoka karibu milioni 36 ikafika milioni 41.1. Lakini TEU si kontena. TEU ni kipimo cha kontena la futi 20. La futi 40 ni TEU 2. Siku hizi ya futi 40 ni mengi, kwa hiyo idadi ya masanduku halisi ni ndogo kuliko milioni 2.

Pili, na hili ndilo watu hawalijui: hesabu inafanywa ukingoni mwa gati, sanduku linapopita kati ya meli na nchi kavu. Kila likivuka mstari ule linahesabiwa. Kontena limekuja na vitenge vya mtu wa Kongowea, TEU zake zimeandikwa. Likafunguliwa, vitenge vikaenda, kontena likarudi tupu kupanda meli, limeandikwa tena. Sisi twaagiza vingi kuliko tunavyouza, kwa hiyo matupu yanayorudi ni mengi, na yote yamo ndani ya thruputi. Halafu kuna yale ya kuhamishwa meli: linashushwa hapa, linasubiri meli ndogo ya kwenda Dar es Salaam au Zanzibar, linapanda tena. Mara mbili, na mlango wa bandari halikuuona kabisa.

Si udanganyifu huo. Kazi ya kreni ni kunyanyua, na kreni halijali ndani mna vitenge au mna hewa. Ukitaka kujua kreni zimefanya kazi kiasi gani, hiyo ndiyo namba sahihi. Ukitaka kujua Wakenya wamenunua bidhaa kiasi gani kutoka nje, umeishika namba isiyo yako.

KaraniShimanzi

Subhanallah. Na sisi kikaoni tulianza kupiga hesabu ya malori kutokana na hiyo milioni 2.

KreniKipevu

Hesabu ya malori ianzieni mlangoni, ami. Matupu mengine huja kwa lori, mengine kwa treni, ya kuhamishwa meli hayatoki kabisa. Thruputi ya gati na thruputi ya geti ni vitu viwili ndani ya ukuta mmoja.

Na msichanganye na uwezo. Awamu ya kwanza ya kituo cha pili cha makontena, ile iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ilifunguliwa 2016 ikiwa na uwezo wa TEU 550,000 kwa mwaka. Awamu ya pili 2022, TEU 450,000. Hizo ni namba za kilichoweza kupita kama kila kitu kingekwenda kama kilivyochorwa. Thruputi ni kilichopita. Mwaka mbaya uwezo unabaki palepale na thruputi inashuka.

MzeeWaChangamwe

Wanangu, naona mnasema "kilichomalizika", "kilichotoka". Mimi nilikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta hapa Changamwe mpaka usafishaji uliposimama 2013. Kwetu thruputi ilipimwa mlangoni, si mwishoni. Tukisema leo thruputi ni kadhaa, maana yake ni mafuta ghafi yaliyoingia mtamboni. Yanayotoka ni petroli, dizeli, mafuta ya taa, gesi, yale mazito ya tanuri, kila kimoja na ujazo wake, na mengine yameliwa na mtambo wenyewe kama kuni. Utajumlisha vipi? Basi unapima pale ambapo kitu bado ni kimoja.

Kwa hiyo huyo kijana wa Tudor na mstari wake mmoja, aongeze wa pili: uliza wamepimia wapi.

MwanachuoTudor

Shikamoo mzee. Nimeongeza.

MzeeWaChangamwe

Marahaba. Na bomba nalo lina lake. Bomba jipya la Mombasa–Nairobi lilipoanza kazi 2018 lilitajwa kwa lita milioni moja kwa saa. Hapo kinachoingia na kinachotoka ni kitu kilekile, ukipimia popote ni sawa, la sivyo kuna mtu anachimba njiani.

MlengoWaKisauni

🤣🤣 mzee umegusa

BiSabasaba

Mimi nina duka la M-Pesa hapa Sabasaba, nauliza na mimi. Mwaka 2025 walipotangaza mfumo mpya walisema unaweza miamala 6,000 kwa sekunde na kwamba unaweza kupanuliwa hadi 12,000. Hiyo ni thruputi au ni uwezo?

DadaFaiba

Ni uwezo, dadangu. Thruputi ni miamala iliyopita kweli saa hii. Saa tisa usiku mtandao wote umelala, thruputi iko chini na uwezo upo palepale. Jioni ya mwisho wa mwezi, mishahara imeingia, kila mtu analipa kodi ya nyumba na deni la dukani, thruputi inapanda. Ndiyo maana mifumo ya pesa haijengwi kwa wastani wa siku. Mtu akikupa wastani wa mwaka na wewe unajenga kwa ajili ya mwisho wa mwezi, mtalia wote.

BiSabasaba

Na ndiyo siku hizo meseji inachelewa, pesa imekatwa na mteja ameninyoshea macho kama nimemwibia.

MwanachuoTudor

@BiSabasaba hilo lina hesabu yake, na ni tamu. Mambo ya foleni yalianza na Mdenmaki mmoja, Erlang, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu kule Copenhagen. Mwaka 1909 alichapisha hesabu za simu zinazoingia ovyo ovyo zikigombea nyaya chache.

Chukua mhudumu mmoja, wateja wanakuja bila ratiba, huduma nayo haina muda maalumu. Mhudumu akiwa na shughuli nusu ya muda wake, mteja anasubiri kwa wastani muda wa kuhudumiwa mtu mmoja. Akiwa na shughuli asilimia 80, anasubiri muda wa watu 4. Asilimia 90, watu 9. Asilimia 95, watu 19. Tazama hapo mwisho: thruputi imepanda kidogo tu, kutoka 90 hadi 95, na kusubiri kumezidi mara mbili.

Kwa hiyo anayejisifu kwamba mashine yake inatumika asilimia 98, muulize wateja wake wako wapi. Wako kwenye foleni.

KreniKipevu

Kijana, umenikumbusha kitu. Kuna kanuni moja inaitwa ya Little, John Little wa MIT, chuo cha Marekani, aliithibitisha 1961. Ni fupi mno hata waweza kuidharau: vilivyomo ndani ya mfumo, kwa wastani, ni sawa na thruputi mara muda kila kimoja kinachokaa.

Bandarini tunaishi nayo. Tuseme kwa mfano TEU 5,000 zapita uwanjani kila siku na kila moja inakaa siku 4. Wakati wowote ukipita utakuta TEU 20,000 zimelala. Sasa mfumo wa forodha uzimike, au wenye mizigo wachelewe na karatasi, wastani wa kukaa ufike siku 6. Thruputi haijapungua hata moja, meli zinashusha vilevile, lakini uwanja una TEU 30,000. Kama nafasi ni ya 25,000, umekwisha. Sanduku la chini linahitajika, juu yake kuna manne, mashine inahamisha manne ili kuchukua moja. Hapo sasa ndipo thruputi yenyewe inaanguka, na meli zinarundikana nje pale mlango wa Kilindini, watu wa mjini wanahesabu taa usiku.

Ndiyo sababu huoni bandari ikihangaika na kreni peke yake. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza 2018, ikivuta TEU 108 kwa safari, haikunyanyua sanduku hata moja kutoka melini. Ilipunguza siku za kukaa uwanjani.

KaraniShimanzi

Nimeelewa ya bandari, Mungu awabariki. Lakini jamani faili langu. Jana pia nusu saa.

DadaFaiba

Sikukusahau, nilikuwa nangoja KreniKipevu aseme hilo la Little maana jibu lako limo humo humo.

Kwanza tutenganishe biti na baiti. Kampuni inakuuzia kwa megabiti, faili lako umeliandika kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Megabaiti 800 ni megabiti 6,400. Kwa 50 kwa sekunde ni sekunde 128, dakika mbili na kidogo. Wewe unachukua nusu saa, sekunde 1,800. Gawanya 6,400 kwa 1,800: unapata megabiti 3.5 kwa sekunde. Hiyo ndiyo thruputi ya faili lako. Ya fundi ni 48. Namba zote mbili ni za kweli, na zimetoka kwenye waya mmoja.

Hata hiyo 48 badala ya 50 ina maelezo. Data inasafiri kwa paketi, kila moja baiti 1,500, na angalau 40 kati ya hizo ni za vichwa vya paketi: inatoka wapi, inakwenda wapi, ni ya ngapi. Inabaki 1,460 ya mzigo wako. Hapo 50 tayari imekuwa 48 na ushei. Hilo si wizi, ni uzito wa gunia.

Sasa 3.5 inatoka wapi? Itifaki ya TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zikitumiana data, haimwagi data tu ikatumaini. Inatuma kiasi fulani, halafu inasubiri upande wa pili ujibu "nimepokea" ndipo iendelee. Kiasi kinachoruhusiwa kuwa njiani bila kujibiwa kinaitwa dirisha. TCP ilipoandikwa 1981, nafasi ya kuandikia ukubwa wa dirisha ilikuwa biti 16, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 65,535. Baiti 65,535, basi. Wakati ule ilikuwa nyingi mno.

Kutoka Mombasa hadi Ulaya njia ya kebo ya baharini ni maelfu ya kilomita, tuseme 10,000, na mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi hapo huwezi kushuka chini ya milisekunde 100, hata umlete nani. Ukiongeza mitambo ya njiani utakuta kama 150. Piga hesabu ya Little ukiigeuza: kilichomo njiani gawanya kwa muda. Baiti 65,535 mara 8, gawa kwa sekunde 0.15. Ni biti 3,495,200 kwa sekunde.

Megabiti tatu na nusu. Soma tena ya kwako.

MwanachuoTudor

Weee!

KaraniShimanzi

Imekaa palepale. Sasa mbona fundi alipata 48?

DadaFaiba

Kwa sababu alipima na seva ya karibu. Programu za kupima huchagua seva jirani, na nyingi hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. Hapa hadi Nairobi kwenda na kurudi ni kama milisekunde 10. Hata kwa dirisha lilelile dogo, 65,535 mara 8 gawa kwa 0.01 ni megabiti 52. Waya wenu ungejaa kabla dirisha halijabana. Fundi alipima feri ya Likoni wakati wewe unatuma mzigo Marseille.

MlengoWaKisauni

Kwani hizi kebo za baharini si ndizo zilizoletwa tuwe na spidi? TEAMS, SEACOM, sote tulipiga makofi 2009.

DadaFaiba

Na makofi yalistahili. Kabla ya 2009 tulikuwa kwa satelaiti: kupanda kilomita 36,000 na kushuka kilomita 36,000, kwenda na kurudi zaidi ya nusu sekunde. Kwa dirisha la 65,535 na milisekunde 600 haukupata hata megabiti moja kwa muunganisho. Kebo ilifanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja, iliongeza nafasi na ikapunguza muda wa njiani. TEAMS inatua hapa hapa Mombasa, inatoka kwenda Fujairah kule Falme za Kiarabu. Lakini Fujairah hadi Ulaya bado ni bahari na jangwa, na mwanga una mwendo wake.

FundiMikindani

Mimi fundi wa mitandao, si yule wa hadithi 😀. Dada umeeleza vizuri ila nataka niongeze, asije akafikiri TCP ya leo ni ile ya 1981. Tangu 1992 kuna utaratibu wa kupanua dirisha, na kompyuta za sasa zinautumia zenyewe bila kuulizwa. Kwa waya wa 50 na milisekunde 150 anahitaji kama baiti 940,000 njiani, na dirisha lililopanuliwa linafika huko bila shida. Kwa hiyo akiwa amekwama kwenye 3.5 kamili, kuna kitu kinamzuia. Mara nyingi ni moja ya haya mawili: programu kongwe ya kuhamishia faili iliyojiwekea dirisha lake yenyewe la kilobaiti 64, au kisanduku cha usalama cha zamani mlangoni kinachofuta ile alama ya kupanua dirisha kwenye paketi. Karani, mnatumia programu gani?

KaraniShimanzi

Jina silitaji hapa lakini ilikuwepo kabla sijaajiriwa, na kioo chake bado kina picha ya diski ya plastiki ile ya kuhifadhia. Bosi hataki iguswe kwa sababu upande wa Ulaya ndiyo walioikubali.

FundiMikindani

Ndiyo hiyo hiyo basi. Usiiguse. Ligawe faili vipande vinne, fungua programu mara nne, kila moja itume kipande chake. Kila muunganisho una dirisha lake.

MshoniEPZ

Nasoma tu kimya lakini nataka kutia neno. Kiwandani kwetu tunashona jeans. Alikuja mshauri akasema shati au suruali iliyomalizika ikalala stoo si thruputi, ni akiba. Kwake thruputi ni pesa inayoingia kwa mauzo ukitoa gharama ya malighafi. Anafuata mafundisho ya Goldratt, yule Muisraeli aliyekuwa mwanafizikia akageukia viwanda. Msimamizi wetu yeye anahesabu suruali kwa saa kwa kila laini. Wakikaa kikao kimoja na neno moja, ni vita.

KreniKipevu

Huyo mshauri ana haki ndani ya hesabu zake, maana anapimia pale mteja anapolipa. Msimamizi anapimia mwisho wa laini. Ni yaleyale ya mzee wa Changamwe. Ila mimi nikiwa kwenye kiwanda hicho ningeanza kwa kuwafanya waandike kila mtu ya kwake ubaoni na kipimo chake, kabla ya kugombana ni nani anayezembea.

BiSabasaba

Na mie nakaanga kaimati jioni mlangoni kwa duka. Kwa hesabu ya huyo Little: karai linachukua 30, zinaiva dakika 6, basi ni 5 kwa dakika. Nikitaka 10 kwa dakika, ama karai kubwa la 60, ama moto ziive kwa dakika 3.

MwanachuoTudor

Sahihi kabisa mama, ila kwa dakika 3 zitakuwa mbichi ndani.

BiSabasaba

Kwa hiyo karai kubwa. Na huyo karani hawezi kuivuta Ulaya ikawa karibu, basi na yeye ni karai kubwa.

DadaFaiba

Bi Sabasaba akitaka kazi ya mitandao aseme.

KaraniShimanzi

Mrejesho. Nimegawa vipande vinne, nikafungua programu mara nne. Zote zimemaliza kwa kama dakika nane. Nimemwonyesha bosi, akashangaa, halafu akatoa karatasi ya ile kampuni: wanatushawishi tupande hadi megabiti 100, bei karibu mara mbili. Nimjibu nini?

FundiMikindani

Vinne mara 3.5 ni 14. Megabiti 6,400 gawa kwa 14 ni sekunde 457, dakika saba na nusu. Hesabu imekubali. Kwa waya wa 100 faili lako likienda peke yake kwa programu ile litakwenda kwa 3.5 ileile, na ukiligawa vipande vinne ni 14 ileile. Mwambie bosi ofisi yenu haijajaza hata 50 mnayolipia, labda mkiwa nyote mnatazama mpira.

KaraniShimanzi

Nikifungua mara kumi na sita je? Si nitamaliza kwa dakika mbili niwahi matatu ya kwanza?

DadaFaiba

Kumi na sita mara 3.5 ni 56, na waya wako unaishia 48. Hapo dirisha halibani tena, unabana waya wenyewe, na zile paketi zinazobaki zinapanga foleni ndani ya ruta. Mtu wa meza ya pili akiwa kwenye simu ya video sauti yake itakatikakatika, na atajua ni wewe. Fungua nane. Utapata kama 28, faili litaisha kwa dakika nne hivi, na waya utabaki na nafasi kwa wengine.

KaraniShimanzi

Nane, sawa. Na huyo wa meza ya pili ndiye bosi.